Nyaya Mbili Katika Kisima Chetu

Pampu yetu ya kwanza ya sola iliungua mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imekaza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji, sina budi kukiri kwamba niliuona mkono uliotenda kosa lile na sikuuzuia.

Kijiji chetu kipo kusini mwa Tongoni, kwenye barabara iendayo Pangani, juu ya mwamba wa matumbawe ambao maji ya mvua huupenya kwa urahisi, na ya bahari vilevile. Kisima kilichimbwa, paneli zikafungwa, tenki likapandishwa juu ya mnara, na mkandarasi akatukabidhi mradi pamoja na kitabu cha maelekezo ambacho hapakuwa na mtu kijijini wa kukisoma akakielewa. Mafunzo yalikuwepo. Yalifanyika siku moja katika ukumbi wa hoteli mjini Tanga, na waliohudhuria ni mwenyekiti, mweka hazina na mimi, kwa sababu siku ile ilikuwa na posho, na posho kwa kawaida haimfikii anayeshika ufunguo wa nyumba ya pampu. Kijana aliyeushika ufunguo huo alielekezwa kwa dakika chache: hiki cha kuwashia, hiki cha kuzimia.

Ndani ya kisima kulikuwa na sensa (si ile ya kuhesabu watu), kifaa kidogo kilichoning'inia juu kidogo ya pampu na kuunganishwa na kisanduku cha umeme kwa nyaya mbili. Maji yakiwa yamekifunika, pampu hufanya kazi. Yakishuka chini yake, pampu hujizima, husubiri kisima kijikusanyie maji, kisha hujaribu tena. Masika yote hatukujua hata kama kipo. Jua la kaskazi lilipokaza, pampu ikaanza kujizima saa nne, saa sita, saa nane, saa zilezile ambazo paneli huwa na nguvu kuliko wakati mwingine wowote, na watu waliopanga madumu yao kwenye magati ya kuchotea maji wakahukumu kwamba kifaa ni kibovu. Akaletwa fundi wa redio na pikipiki, mtu hodari kwa kweli, akazikata zile nyaya mbili, akazimenya ncha, akazisokota pamoja na kuzifunga kwa utepe mweusi. Tangu hapo kisanduku kikaamini kwamba kisima kimejaa siku zote. Maji yakatoka kutwa, nasi tukamshukuru fundi na kumfungia nazi za kupeleka nyumbani.

Hazikupita siku nyingi, maji yakaingia chumvi, maharage yakawa hayaivi na sabuni haitoi povu. Kisha pampu ikanyamaza. Pampu ya kuzamishwa kisimani hupozwa na maji yaleyale inayoyavuta, kwa hiyo ikikaa mahali pakavu huku inazunguka hujichoma yenyewe, na ndicho kilichotokea.

Mhandisi aliyekuja kutoka wilayani hakutugombeza. Alichukua kijiti akachora mchangani, na kwa kuwa nilifundisha hesabu miaka mingi, mchoro ule ulinitia aibu kuliko maneno yoyote. Mita moja ya ujazo ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ina uzito wa kilo 1,000, na ya maji ya bahari kama kilo 1,025, ndiyo maana maji baridi huelea juu ya yale ya chumvi ndani ya mwamba. Gawanya 1,000 kwa tofauti ya 25, unapata 40: kwa kila mita 1 ambayo maji ya kisima yamesimama juu ya usawa wa bahari, zipo takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukivuta mpaka uso wa maji ushuke mita moja, chumvi hatimaye inaweza kupanda mita 40. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeiweza, na mimi niliyeifundisha sikuwahi kujiuliza kwa nini pampu ilikuwa inajizima.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi pembeni akisuka ukili akaniambia, "Mwanangu, mbona kisima cha msikitini tangu enzi hatukichoti wakati wa bamvua? Maji huingia munyu." Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na munyu ni chumvi. Mhandisi aliacha kuchora. Alitoa mfukoni kipimo cha chumvi, kidogo kama kalamu, akatuachia, akasema tupime kila asubuhi kwa mwezi mzima na kuandika tarakimu. Tulipozichora kwenye karatasi ya manila, mstari ulipanda siku za bamvua na kushuka siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, jinsi bibi alivyosema.

Kujenga uwezo wa kutumia teknolojia mpya ya maji husemwa sana kana kwamba ni jambo la fedha na vifaa. Fedha huweza kupatikana: mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilizindua hatifungani ya kijani, yaani mkopo unaochangwa na wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua mtandao wake. Huko mjini, hata hivyo, kuna wahandisi na wakaguzi wa dira za maji wanaolipwa mishahara. Vijijini, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, uendeshaji wa kila siku umewekwa mikononi mwa vyombo vya jamii kama chetu, yaani kwa mkulima, mvuvi na mwalimu mstaafu. Kwa maoni yangu, mtu huyo hahitaji semina nyingine bali mamlaka: aruhusiwe kuzima pampu watu wakiwa kwenye foleni, na kamati isimame upande wake wanapomtukana.

Pampu ya pili tuliichangia kwa miezi tisa. Safari hii fundi alilala kijijini siku nne, na mafunzo yalifanyika ndani ya nyumba ya pampu, kila mmoja akifungua kisanduku kwa mkono wake, akiitoa sensa na kuirudisha, akiona kwa macho pampu inajizima na kuwaka tena. Siku za bamvua tunavuta nusu ya muda, na magati hufungwa mapema. Malalamiko hayakuisha; juzi tu nimeitwa mchoyo wa maji ya Mungu.

Yule kijana wa ufunguo alipokwishajua kazi alipata kibarua Dar es Salaam akaondoka, na nilimlaumu moyoni kabla ya kujilaumu kwa kumwachia ufunguo peke yake. Sasa wanaoshika ufunguo ni watatu, wawili kati yao akina mama wachotaji maji. Mmoja wao ameandika kwa chaki ndani ya mlango wa kisanduku, juu kidogo ya zile nyaya mbili: "Ikijizima iache. Nipigie." Chini yake ameweka namba yake ya simu, kisha namba yangu.