Tumemzika Baba

Tumerudi kutoka makaburini Kinondoni jioni hii.

Baba alikuwa mtafiti wa mbu mpaka alipostaafu. Kazi aliipenda, lakini chakula cha usiku hakukigusa mpaka tukae wote.

Nikiwa mdogo aliniinua mpaka ukutani: "Mwone huyu, kainua mkia. Anofelesi. Jike lake ndilo linaloambukiza malaria."

Kisha akapita kitanda kwa kitanda, akichomekea vyandarua chini ya magodoro yetu. Kila usiku, miaka yote ile.

Leo nimeingia chumbani kwake. Chandarua kimechomekewa pande tatu. Upande aliotokea tulipompeleka hospitali bado uko wazi.

Nimeshindwa kuugusa.

Mliomfahamu, niandikieni mnachomkumbuka. Nitamsomea mama.