Mwanza–Bukoba: dakika arobaini hivi

Mtu akishajua kwamba naishi Mwanza na kwetu ni Bukoba, ataniuliza tu: ni mbali? Nami huuliza kwanza anakwenda na nini.

Kwa ndege, uwanja hadi uwanja ni kama kilomita 175, na karibu zote ni maji. Mapangaboi yanayoruka njia hii yana uwezo wa kwenda kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani ungefika kwa dakika ishirini na ushee. Tiketi husema arobaini hivi, na tiketi ndiyo ya kuaminiwa: ndege inapanda taratibu, na hata haijakaa vizuri huko juu inaanza kuteremka. Omba dirisha la kushoto. Utaiona Kome, kisha Bumbire, halafu ghafla bati za mjini na ziwa likiwa pale pale uwanja unapoishia.

Kwa basi unalizunguka ziwa: Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba. Zaidi ya kilomita 400, siku nzima. Kwa meli unalala njiani.

Aprili 2024 mama mkubwa alifariki. Mazishi yalipangwa saa nane mchana, nikakata tiketi ya asubuhi nikiwa na hakika kwamba saa nne nitakuwa msibani. Tuliondoka Mwanza kukiwa na jua. Bukoba hatukuiona. Nje ya dirisha palikuwa peupe tupu, matone yanakimbia kwenye kioo, ndege inainamia upande mmoja, inazunguka, inainamia tena. Dada aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameshika rozari, hasemi neno. Rubani akatangaza kwamba tunarudi Mwanza.

Nilikaa hewani zaidi ya saa moja na nusu, nikashuka pale pale nilipopandia.

Sikumlaumu rubani hata kidogo, na wale waliofoka pale uwanjani niliwaambia hivyo. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya, watu 19 wakafa. Wavuvi ndio waliowahi kuifikia kwa mitumbwi yao. Mtu wa Bukoba hawezi kumwambia rubani ajaribu tena.

Nikatafuta gari ndogo. Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, tukasubiri kivuko huku nikiziangalia zile nguzo zimesimama majini. Leo unapita juu yake kwa dakika chache. Siku ile foleni ilikula muda mwingi kuliko safari nzima ya ndege. Saa nane ilinikuta Geita. Nilizima simu, sikutaka kusikia watu wakiimba makaburini.

Nyumbani nilifika saa nne kasoro usiku. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wenzake, khanga mbili mabegani. Nikapiga magoti kumwamkia, nikaanza kueleza habari ya mawingu, akanishika mkono.

"Nilikusikia, mwanangu," akasema. "Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Mlipita juu yetu mara mbili, halafu mlio ukawa unakwenda."