Mgeni wa saa mbili usiku

Niseme mapema kabisa, ile nyota iliyowaka ghafla kwa eksirei mwaka 2023, sikuigundua mimi. Mi ni mtu wa eksirei tu hapa Mbeya, wale mnaotukuta kwenye kachumba tunawaambia vuta pumzi, bana hapo hapo, usitikisike, haya pumua. Darubini sina. Nina simu yenye kioo kilichopasuka pembeni na bando la wiki. Ila kuna watu wanafuatilia timu zao za mpira mpaka wanakosana na wake zao, mi nafuatilia vitu vinavyowaka ghafla angani, kila mtu na ugonjwa wake.

Wiki ile ya mwisho wa Agosti 2023 mashine yetu ilikuwa imekufa. Tyubu, ile inayotoa miale. Fundi yuko Dar, fundi anakuja kesho, kesho ikawa wiki, na sisi tunawaandikia wagonjwa waende kwingine, mzee mmoja katoka Chunya na mguu umevimba hivi, nikamwambia baba samahani mashine mbovu, akaniangalia tu, hakusema neno, akaikunja fomu yake mara nne akaitia mfuko wa shati. Bora angenitukana.

Sasa Ijumaa ya tarehe 25 nimekaa sina kazi, nikafungua simu nikakuta watu wamechachamaa. Jana yake Swift, ile setilaiti ya NASA iliyoko juu tangu 2004, ilishtuka na kitu, ikadhaniwa ni mlipuko wa miale ya gama, ile mikali kuliko eksirei, wakaupa jina GRB 230824A. Milipuko ile inatokea galaksi za mbali huko, sekunde kadhaa, dakika, imeisha, unabaki na majivu. Hii ikagoma kuisha. Ikawa inapanda. Na MAXI, chombo cha Wajapani kilichofungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kila kikizunguka dunia, dakika 92 hivi, kinakuta kitu kimeongezeka. Basi wakafuta, wakaandika upya: Swift J1727.8-1613, na si wa mbali, ni wa galaksi yetu hii hii.

Nilicheka peke yangu. Kwetu daktari anaandika kwenye fomu alama ya kuuliza halafu ndo ugonjwa, ?TB, ?mfupa umevunjika, sisi tunapiga picha, alama inafutika au inabaki. Kumbe hata huko juu wanaanza na alama ya kuuliza.

Hilo jina ukilitazama ni anuani tu, kama vile "Mwanjelwa, nyuma ya soko, geti la bluu". Saa 17 na dakika 27.8 ni kama longitudo ya angani, na ile -1613 ni digrii 16 na dakika 13 kusini ya ikweta ya anga. Mbeya tuko digrii 9 kusini, kwa hiyo nikatoa, 16 toa 9, saba. Digrii saba tu kutoka utosini! Nikapiga hesabu ya muda nikapata saa mbili kasoro kidogo usiku. Yaani kitu ambacho watu wa Ulaya wanakipata huko chini chini karibu na upeo, mi kinapita juu ya nywele zangu nikiwa natoka kula.

Nikatoka. Agosti ya Mbeya mnaijua, baridi inakuingia kwenye kola, nimevaa sweta na koti juu yake, mwezi umepita nusu kidogo na uko upande ule ule wa kundi la nyota la Nge, unaharibu. Mama mwenye nyumba akanikuta shingo imepinda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepoteza nini huko juu, mwanangu?"

"Kuna nyota imewaka, mama."

"Ipi?"

"Haionekani."

Akanyamaza. Akasogeza kanga. "Ingia ndani, utapata nimonia. Na mashine yenu imekufa, nani atakupiga picha?"

Haionekani kweli. Kwa mwanga wa kawaida ilikuwa hafifu mara mia kadhaa kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho linaweza kuikamata. Ila kwa eksirei ilifika kama mara 7 ya Crab ndani ya siku chache, na Crab ni lile wingu la nyota iliyolipuka 1054 ambalo watu wa eksirei wanalitumia kama kibaba cha kupimia, kikiwa kibaba kimoja tu tayari ni kikali. Saba! Na hakuna hata chembe iliyonigusa pale uani.

Hapa ndo kazi yangu ilipoingia. Kazini navaa aproni ya risasi ya kuzuia miale, na kila mwezi lazima mgonjwa mmoja aulize kama inazuia risasi ya bunduki. Sasa hewa iliyo juu yetu ukiipima uzito, usawa wa bahari, ni sawa na maji ya kina cha mita 10. Hapa kwetu tuko mita 1700 na kitu, kwa hiyo tunapungukiwa kidogo, tuseme mita nane na ushee. Miale ya angani itoboe maji ya mita nane? Na MAXI inapokea miale ya keV 2 mpaka 20 (keV ni kipimo cha nguvu ya miale), ambayo sisi kazini ni takataka, tunaweka kipande cha alumini mbele ya tyubu makusudi kuichuja kwa sababu inaishia kwenye ngozi ya mgonjwa bila kuleta picha. Yaani ninachokitupa kila siku ndicho wenzangu wamepeleka mitambo juu kukitafuta.

Ndo maana hii elimu ilianza vizuri pale tu walipopata setilaiti, na ya kwanza iliyojengwa kwa ajili ya eksirei za angani peke yake ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kwenye jukwaa la baharini pale Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Kwa Kiswahili hivyo hivyo, ukisoma vitabu vyao inaandikwa Uhuru. Naipenda hii stori sana, nimeshawachosha nayo kazini. Pale pale Malindi 1974 ikarushwa Ariel V ya Waingereza, na Agosti 1975 ikaona mgeni akiwaka kwenye kundi la nyota la Monoceros mpaka akazishinda eksirei zote za angani ukitoa jua. Watu wakarudi kwenye picha za zamani za anga, zile zilizopigwa kwenye vioo, wakamkuta alishawahi kuja 1917. Miaka 58 amelala.

Kwa nini analala halafu anaamka? Mi nilikuja kuelewa nikiwa kwenye basi, Tunduma. Kuna nyota ya kawaida, ndogo, na pembeni yake shimo jeusi, kitu kizito mno ambacho hata mwanga hautoki, zinazungukana. Gesi ya nyota inavutwa, ila haiendi moja kwa moja shimoni, inapanga foleni ikizunguka, kama maroli yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Foleni inajaa, inajaa, miaka na miaka, baridi, hakuna kinachosogea. Ikifika joto fulani haidrojeni inaachana na chembe zake za umeme, elektroni, msuguano unaongezeka, geti limefunguka, maroli yote yanataka kupita usiku mmoja. Hiyo joto ya msongamano ndo eksirei. Tofauti ni kwamba Tunduma huwa hakulali.

Nikaanza kuandika namba za MAXI kila jioni, nyuma ya fomu zilizoharibika, maana daftari la maana sikuwa nalo. Mwanzo miale ilikuwa migumu, ile ya nguvu, halafu mwanzoni mwa Oktoba ikageuka laini. Hilo halikunipa taabu, ni kama kutoka kilovolti za kupiga picha ya kifua kwenda za kiganja. Kule Karoo, Afrika Kusini, madishi 64 ya MeerKAT yalikuwa yanasikiliza mawimbi ya redio ya mkondo unaotemwa, maana shimo halili vyote, vingine linatema kwa kasi ya ajabu. Mi upande wangu kuna siku umeme ulikatika, kuna siku bando liliisha, kwenye karatasi kuna mapengo manne na moja nimeandika "msiba Tukuyu".

Mashine ilitengenezwa katikati ya Septemba. Mzee wa Chunya hakurudi, au alirudi zamu siyo yangu, sijui.

Baadaye, mgeni alipofifia ndo wakubwa wakapata nafasi ya kuiona ile nyota mwenza yenyewe, maana mwanzo ilikuwa imefunikwa na mwanga wa foleni. Wakapima inavyoyumba: inamaliza mzunguko kwa saa 10.8. Zamu yangu ya usiku ni ndefu kuliko hiyo. Na kile kisichoonekana inachokizunguka kina uzito wa zaidi ya jua tatu, mzito mno kuwa nyota ya nyutroni, kile kiini kinachobaki nyota kubwa ikilipuka, kwa hiyo alama ya kuuliza ikafutwa mara ya pili.

Zile fomu bado ninazo, nimezibana na klipu. Ya mwisho ina namba ndogo sana, na mbele yake ile namba ya kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea ni kubwa kuliko namba yenyewe, maana yake hakuna kitu. Chini yake, mwandiko wangu huo huo: viazi debe 2, sabuni, mpigie fundi.