Siku moja maishani mwangu: tiketi ya Maskati

Saa moja na nusu asubuhi natoka nyumbani kwa baiskeli, na saa mbili ofisi yetu ndogo ya tiketi za ndege hapa Ngamiani, Tanga, iko wazi.

Saa tatu anaingia bibi mmoja na mjukuu wake. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Nataka kwenda Maskati, binti yangu kajifungua." Hakuanza na bei. "Huko angani nitakaa muda gani?"

Nafurahi sana mtu akiuliza hivyo. Dar es Salaam hadi Maskati ni karibu kilomita 4,000. Ndege kubwa hukata zaidi ya kilomita 800 kwa saa, ila kupaa na kushuka nako kuna muda wake, basi weka saa tano na nusu. Mjukuu akakazia macho tiketi: kuondoka 00:45, kufika 07:15. "Mbona hizo ni saa sita na nusu?" Nikamwonyesha kwamba kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake, na Maskati wametutangulia kwa saa moja. Kwenda unaitoa, kurudi unaiongeza.

Saa tano, mfanyabiashara wa nguo anayekwenda Guangzhou. Kule tofauti ni saa tano nzima, kwa hiyo safari ya saa kumi na moja hivi, kwenye karatasi inasomeka kama kumi na sita. Yeye kashazoea, analipa na kuondoka.

Saa nane bibi anarudi na fedha. Hapa ndipo sifanyi haraka. Mwaka jana mteja wangu aliona tiketi ya Ijumaa, saa saba kasorobo usiku, akafika uwanjani Ijumaa usiku. Ndege ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia siku ile. Nauli ikapotea, na mimi ndiye niliyempa karatasi bila kumsomea. Bado inaniuma.

Tangu hapo naandika kwa mkono, kwa saa zetu, herufi kubwa:

USIKU WA KUAMKIA IJUMAA, SAA SABA KASOROBO. UWANJANI ALHAMISI, SAA NNE KASOROBO USIKU. BASI STENDI YA KANGE, ALHAMISI SAA MBILI ASUBUHI.

Basi hilo lina kilomita kama 350 tu hadi Dar, lakini hula saa sita hivi. Bibi akashika kidevu. "Yaani Dar ni mbali kuliko Maskati?" Kwa kukaa kitini, ndiyo bibi. Nikamshauri abebe mto mdogo wa mgongo.

Saa kumi na moja nafunga. Saa mbili usiku, niko mezani, simu inaita.

"Mwanangu, nisomee tena."

Namsomea polepole, naye anarudia kila neno nyuma yangu.

"Alhamisi," anasema. "Si Ijumaa."

"Alhamisi, bibi."