Karatasi ya trafiki iliyokaa siku 19 kwenye dashibodi

Naandika hii kwa sababu wiki hii watu watatu wameniuliza kitu kilekile, nimeandikiwa na trafiki nifanyeje, na wote watatu wakamalizia na si bora nilipe tu yaishe. Inaweza kuwa bora, sikatai. Ila hilo neno yaishe linaniuma maana na mimi nililisema, na ilibaki kidogo tu nilipie kosa ambalo sikulifanya.

Ilikuwa asubuhi, nawahi, askari akanisimamisha akaniambia mwendo umezidi na tena umepita alama ya kusimama pale nyuma hujasimama. Mwendo nilijua, sikuwa na cha kubisha. Alama ya kusimama sikuiona kabisa, nikamwambia afande mimi sijaona alama yoyote, akasema hilo utaenda kulieleza mahakamani, akaandika makosa mawili kwenye karatasi moja akanipa nisaini. Nikagoma kusaini, nikijua nikisaini tu nimekubali, akanielewesha kwa upole wala hakupandisha sauti kwamba saini ni ya kuonyesha umeipokea. Nilivyokuja kusoma yale maandishi madogo ya chini nikakuta ndo yanavyosema kweli. Wewe ya kwako isome palepale kabla hujaondoka, kila sehemu wana utaratibu wao.

Nikaiweka kwenye dashibodi. Siku ya kwanza nimechoka, ya pili nina hasira, ya tatu nimeshaisahau. Jua likaipiga mpaka wino ukaanza kufifia, ile karatasi ya nakala unaijua, ukiiacha wiki mbili juani unabaki na kivuli cha maandishi. Siku ya 19 ndo nikaishika nikasoma vizuri, nikaona imeandikwa jibu ndani ya siku 21. Moyo ulinipiga paa.

Nikaingia kwenye tovuti ya mahakama, nikaandika jina langu, hamna kitu. Nikaandika namba ya karatasi, hamna. Nikafurahi kidogo, nikasema labda imepotea huko huko. Nawaomba sana msifurahi hapo. Kutoonekana kwenye mtandao sio kwamba kesi haipo, karatasi ya kuandikwa kwa mkono lazima askari aipeleke, karani aipokee aichape kwenye mfumo, na hapo katikati siku zinahesabika kama kawaida. Halafu herufi. O na sifuri, I na moja, jina la pili limekaa mbele, jina lenye herufi moja mara mbili mfululizo limeandikwa na moja tu. Na kingine ambacho wengi hatujui, kesi ya barabarani kwa kawaida inaenda kwenye mahakama ya eneo ulipofanyia kosa, sio ya unapoishi, kwa hiyo unaweza kutafuta mwezi mzima kwenye mahakama ya kwenu kumbe jalada limelala wilaya nyingine kabisa.

Kesho yake nikaenda mwenyewe. Kaunta ina mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, nikampa shikamoo nikamweleza. Akaniuliza mwanangu umetafuta kwa namba ya gari? Sijatafuta. Akachukua ile karatasi yangu akaigeuza upande wa dirisha ili wino uonekane, akafuata namba ya gari na kidole herufi moja moja, akachapa, ikatoka. Jina langu la kwanza lilikuwa limeingia kama la ukoo na la ukoo limekatwa nusu. Akaniandikia namba ya kesi kwenye kipande cha karatasi akasema hii ndo uishike, hiyo nyingine picha tu. Nilimshukuru yule mama kutoka moyoni, maana bila yeye siku mbili zingepita, na sehemu nyingi usipojibu kesi inasikilizwa bila wewe, unakutwa na hatia, faini inapanda, leseni inafungiwa, na kwingine inatoka hati ya kukamatwa kabisa. Mtu anakuja kusimamishwa mwaka mwingine kwa taa mbovu tu, analala ndani, kumbe ni karatasi ya zamani.

(Na meseji za kwenye simu zinazosema una faini bofya hapa ulipe, msibofye jamani. Siku hizi zimejaa. Chukua namba ya kesi, ingia kwenye tovuti ya mahakama kwa kuiandika mwenyewe au nenda kaunta, kama deni lipo utalikuta huko.)

Sasa kuhusu kulipa au kupinga. Hiyo karatasi ni tuhuma. Askari anasema umefanya, hakimu bado hajasema chochote, na kabla hajasema wewe bado huna hatia. Hii sio maneno ya mtaani, ipo kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14. Ila ukilipa bila kusema neno, sehemu nyingi umeshakiri, kosa linaingia kwenye rekodi yako, penye mfumo wa pointi za makosa zinakaa kwenye leseni, na bima ukienda kukata upya wanaweza kuiona. Kwa hiyo bei ya hiyo karatasi sio ile namba iliyoandikwa peke yake. Na mlango wa tatu watu hawaujui, unaweza kukiri na bado ukaomba kusikilizwa, ukaeleza mazingira yako, hakimu akapunguza faini au akakupa onyo.

Mimi nikaamua kugawa. Mwendo nitakiri, alama nitaikana. Binamu yangu akaniambia kana vyote, tochi zile za kupimia mwendo zina makosa, sema askari alikuwa amesimama upande. Nikaenda kusoma kidogo habari za tochi na nikaona hoja ya upande haisaidii kama watu wanavyodhani. Tochi ya rada inapima mawimbi yanayorudi kutoka kwenye gari, gari likija mbio mawimbi yanabanana, ndo ile kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Askari akisimama pembeni, tochi inasoma pungufu ya mwendo wako, sio zaidi. Pembe ya digrii 10, gari la 100 linasomeka kama 98 na nusu, digrii 20 linasomeka 94. Yaani anayesimama pembeni amekupunguzia. Penye hoja kweli ni kama barabara ilikuwa na magari mengi, maana mwale wa rada unatanuka, ukifika mita 300 unaweza kufunika makumi ya mita, umemulika gari lipi? Tochi ya leza mwale wake pale unakuwa kama mita moja tu. Na hoja nyingine ni kama kifaa kilipimwa karibuni na kina cheti, hilo unaruhusiwa kuuliza. Lakini mimi barabara ilikuwa tupu na nilikuwa nakimbia na ninajua, siwezi kusimama mbele ya mtu nikaapa halafu nikasema sikukimbia.

Alama ndo nikaishughulikia. Bahati nilikuwa nimesharudi pale siku ya pili, ile ya hasira, saa ileile ya asubuhi, na binamu akaendesha mimi nikakaa na simu. Nikapiga picha kutoka mbali, nikapiga tena tulipokaribia, nikapiga tena tukiwa tumefika. Kwenye picha ya kwanza ni mti tu. Ya pili mti. Ya tatu, tukiwa karibu kupita, kinatokea kipande chekundu cha ukingo katikati ya majani, kama ukucha. Nikashuka nikapiga na chini ya nguzo nikitazama juu, alama ipo nzima, mpya kabisa, tawi limeishukia mbele. Nikasoma pia kwamba Mkataba wa Vienna wa Alama za Barabarani wa 1968, ibara ya 6, unasema alama iwekwe mahali ambapo dereva inayemhusu anaweza kuitambua kwa urahisi na kwa wakati. Kwa wakati, ndo neno lenyewe. Hiyo yangu ilikuwa inatambulika ukiwa umeshaipita.

Kuna mwanafizikia mmoja, Dmitri Krioukov, aliandikiwa kule San Diego kwa kutosimama kwenye alama kama mimi, akaandika kurasa nne za hesabu akionyesha mahakamani kwamba askari aliyemwona kutoka pembeni angeweza kudhani gari halikusimama wakati lilisimama, hasa kama gari jingine lilimkinga askari asione kwa sekunde chache. Aliachiwa. Ukiivua ile hesabu yote unabaki na swali moja, askari alikuwa amesimama wapi na aliona nini kutoka pale. Hilo swali halihitaji shahada, na ndo nilienda nalo.

Siku ya kesi nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi na watu kama thelathini hivi, na kitu nilichokiona pale kilinisikitisha kweli, karibu kila aliyeitwa alisema nimekosa Mheshimiwa kabla hajamaliza kusomewa. Kijana mmoja alisomewa namba ya gari ambayo hata sio yake, akakiri, karani ndo akamshtua kwamba sikiliza vizuri. Kwa hofu tu. Tunaogopa lile jengo kuliko tunavyoogopa faini.

Nilipoitwa nikasema kosa la kwanza ni kweli Mheshimiwa, la pili si kweli. Akaandika. Askari akaeleza upande wake, akaeleza vizuri bila kuongeza chumvi, nikaruhusiwa kumuuliza. Nikamuuliza afande, pale uliposimama ulikuwa unaiona alama kutoka upande niliotokea mimi? Akafikiri. Akasema hapana, nilikuwa mbele, nilikuwa naiona nguzo kwa nyuma. Nikauliza siku ile uliwahi kupita ukaiangalia kutoka upande wa dereva? Akasema hapana. Basi, sikuuliza zaidi. Nikatoa picha nne nilizozichapisha kwenye karatasi (zichapisheni, usiende kumwonyesha hakimu simu yenye kioo kimepasuka na meseji zinaingia), hakimu akauliza zimepigwa lini, nikasema kesho yake saa ileile na aliyekuwa anaendesha yupo hapa nje. Akazipanga mbele yake kwa mstari, akaiangalia ile ya tatu muda mrefu. La pili likafutwa. La kwanza nikapigwa faini, na nikasikia amani ambayo siwezi kuieleza, maana nilikuwa nalipia kitu changu.

Sikuwa nayo yote mfukoni siku ile, nikaomba kulipa kwa awamu, nikapewa mara tatu. Ombeni jamani, msikimbie. Marekani kulikuwa na mtu anaitwa Preston Tate, faini zake za barabarani zilijikusanya Houston mpaka dola 425, hana, akapelekwa kifungoni azifanyie kazi kwa dola 5 kwa siku, yaani siku 85. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikasema hapana, kosa ambalo adhabu yake ni faini tu huwezi kuligeuza kifungo eti kwa sababu mtu hana uwezo wa kulipa papo hapo. Sio kila nchi ina hukumu kama hiyo, lakini hakimu anayejua hali yako anaweza kukupangia, hakimu ambaye hujatokea mbele yake anajua tu kwamba umekaidi.

Na mlioko ugenini ambao lugha ya mahakama inawapiga chenga, ombeni mkalimani. Mturuki mmoja, Öztürk, aligonga gari lililoegeshwa kule Ujerumani mwaka 1978, faini kama marki 60, akapinga, halafu akaletewa bili ya mkalimani ambayo ilikuwa kubwa kuliko faini yenyewe, kama marki 64. Akaifuata hiyo bili mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na mwaka 1984 akashinda, mahakama ikasema hata kosa dogo la barabarani mshtakiwa ana haki ya mkalimani bure. Miaka sita kwa marki 64! Huwa namfikiria sana huyu mtu.

Awamu ya mwisho nimelipa mwezi uliopita. Yule mama akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke, akaniambia baada ya wiki mbili ingia uangalie kama imefungwa. Nikaingia, bado inasomeka haijalipwa. Nikarudi na risiti, akaitafuta, malipo yalikuwa yameingia kwenye lile jina la kwanza lenye makosa na hukumu ipo kwenye lile lililorekebishwa, akaziunganisha dakika tano tu. Risiti sasa inakaa pamoja na leseni, na nimeipiga picha maana nayo ni ya wino uleule unaofifia.

Shemeji yangu naye ameandikiwa Jumatatu. Anasema kwenye mtandao haionekani. Alhamisi naenda naye kaunta, na nimemwambia aje na kadi ya gari.