Daktari aliponiambia nami nifungue mdomo

Mwaka 2015 nilimpeleka mwanangu kwa daktari wa meno mjini Kisumu. Alikuwa na miaka mitatu, na meno yake manne ya mbele ya juu yalikuwa yamebaki visiki vyeusi. Hakuwa amelala usiku kucha, wala mimi. Nilikuwa na mimba ya miezi saba.

Daktari alimtazama taratibu, akaandika, kisha akanigeukia. "Sasa wewe, mama. Fungua mdomo."

Magego yangu mawili yalikuwa na matundu tangu sekondari. Nimekulia Muhoroni, miwa tuliitafuna kila siku, na jino likiuma tulilishindilia karafuu, basi.

Akaniuliza kama huwa namtafunia mtoto nyama. Ndiyo, nikasema, dani yake, yaani nyanya yake, ndiye aliyenifundisha. Hakunikaripia. Alieleza kwamba mtoto hazaliwi na wale bakteria wanaoozesha meno. Huwapata kwa mate, mara nyingi ya mama yake. Wakipata sukari hutengeneza asidi, na asidi ndiyo inayokula jino. Nikaikumbuka chai tamu niliyokuwa namtilia kwenye chupa ili alale. Koo lilinikaba.

Kwa huyu aliye tumboni, akasema, bado tuna nafasi. Hapo ndipo niliposikia neno zailitoli kwa mara ya kwanza. Ni tamu kama sukari, ila bakteria wale hawawezi kuigeuza kuwa asidi. Wafini waliichunguza mjini Turku miaka ya 1970. Baadaye, huko Ylivieska, mji mwingine wa Ufini, akina mama wenye watoto wachanga walipewa chingamu yake watafune, na meno ya watoto wao yakaoza kidogo kuliko ya wenzao. Nitafune baada ya kila mlo, jumla gramu 5 hadi 10 za zailitoli kwa siku. Nikizidisha, tumbo litaniendesha. Lakini matundu yangu yazibwe, na mswaki wenye dawa ya floraidi usiachwe hata siku moja.

Nilizunguka maduka ya Barabara ya Oginga Odinga hadi miguu ikavimba. Pakiti nyingi ziliandikwa hazina sukari, kumbe nyingi ni sobitoli, kitamu kingine, na zailitoli imetajwa mwisho kabisa. Niliipata kwenye duka la dawa, ghali kuliko kilo ya sukari. Nikalipa. Nyumbani niliificha juu ya kabati, kwa sababu hata kiasi kidogo kinaweza kumuua mbwa, na wetu alikuwa haachi kitu.

Binti yangu alipoanza kula ugali, dani alikuja kututembelea. Akamega ngege, akaitafuna, akataka kumlisha. Nilimshika mkono kwa upole, nikamweleza yote niliyoambiwa. Alinyamaza muda mrefu, samaki bado mkononi. Kisha akafungua mdomo, akanionyesha magego yake, akauliza, "Na haya yangu, huyo daktari atayaziba?"