Shimo la Tembo katika Mchanga wa Mwagusi

Nimezaliwa na kukulia Rujewa, wilayani Mbarali, katika nyumba ya wakulima wa mpunga, na tangu utoto nilisikia wakubwa wakisema kwamba maji yakitoka kwetu huenda Ihefu, kile kinamasi cha Usangu, na yakitoka Ihefu huenda porini. Pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, nami nilifika umri wa miaka thelathini na nane sijaliona. Mwezi wa Oktoba mwaka jana, mimi na mdogo wangu wa kiume tulikusanya akiba zetu tukatenga siku saba, tuanze na Ruaha, tumalizie na Katavi, hifadhi mbili ambazo wageni wengi huziacha kando wanapokimbilia Serengeti na Ngorongoro.

Kiingilio hakikutuumiza, hata baada ya kuongezwa kodi ya asilimia 18, kwa sababu raia hulipa sehemu ndogo sana ya anachotozwa mgeni kutoka ng'ambo. Kinachomzuia Mtanzania wa kawaida asiione nchi yake ni gari. Pale Iringa tulikodishiwa gari kuukuu kwa shilingi 350,000 kwa siku, mafuta juu yetu, na mwenye gari akatuhakikishia mara mbili kwamba magurudumu yote manne yanavuta. Dereva wake, mzee mpole wa makamo ya baba yetu, alisimama pembeni akiangalia chini, na sikujiuliza kwa nini. Tulipita Idodi na Tungamalenga katika vumbi lililoingia hadi kwenye mkate wetu, tukavuka daraja, tukalala katika mabanda ya hifadhi pale Msembe, ambako joto la usiku lilinifanya niamke mara nne kunywa maji. Nilikunywa bila kuwaza, kama mtu anavyokunywa kwake.

Siku ya pili, kiasi cha saa tisa alasiri, tulishuka kuvuka Mwagusi. Mto huo wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, mpana na mweupe, umepakana na migunga na mikwaju, na njia ya magari hukatiza katikati yake. Tulipofika katikati, gari lilipunguza mwendo, likaguna, likazama hadi ekseli ya nyuma. Mzee alivuta kile kijiti cha kuunganisha magurudumu ya mbele, akakanyaga mafuta, na magurudumu ya nyuma peke yake yakazidi kujichimbia. Akazima injini. Askari wa hifadhi tuliyemlipia atuongoze alimuuliza kwa utaratibu, "Mzee, ya mbele haivuti?" Mzee akakaa kimya, kisha akanigeukia mimi. "Nisamehe, mwanangu. Shafti ya mbele ilitolewa tangu mwezi wa tatu. Tajiri aliniambia nisiseme."

Hasira niliyoipata sikuweza kumpa yeye, maana nilijua angepoteza kazi. Tulishuka, tukaanza kufukua mchanga kwa mikono na kwa sufuria yetu ya chai, mdogo wangu akakata matawi makavu ya kuweka chini ya matairi. Tulikuwa bado hatujafukua tairi la kwanza askari aliponyanyua kiganja. "Ingieni ndani. Milango msiibamize."

Tembo kumi na mmoja walikuwa wanatoka kwenye migunga ya ukingo wa pili, bila haraka, bila sauti ya hatua, na walisimama hatua zisizozidi arobaini kutoka tulipokwama. Jike mkubwa aliyewatangulia alinusa upande wetu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, masikio yametandazwa, kisha akaonekana kuamua kwamba hatuna madhara. Akaugeukia mchanga. Alianza kuupiga teke kwa mguu wa mbele, akiutupa nyuma, na kila shimo lilipofumbwa na mchanga laini aliingiza mkonga akauchota na kuurusha kando. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Mkonga ulipozama vya kutosha, akautoa na kupuliza maji ya tope pembeni, akasubiri, akapuliza tena, akasubiri; askari alinong'ona kwamba maji ya kwanza huwa machafu na mkubwa huyamwaga mpaka yatakapokuja safi. Ndipo akanywa.

Waliobaki walingoja. Ndama mmoja, ambaye mkonga wake haukuyafikia maji, alipiga magoti ya mbele, akashusha kichwa chote, akatoka na pua iliyojaa mchanga, akajaribu tena. Mama yake hakumsukuma. Mdogo wangu, ambaye kwa kawaida hatulii hata msikitini, alikaa karibu saa mbili bila kusogeza mguu.

Walipoondoka, hatukupata hata nafasi ya kushuka kabla ya kanga kufika wakikimbia, na nyuma yao nyani, kila kundi likilitumia shimo lile lile. Hatimaye askari aliniruhusu nikalitazame. Mdomo wake haukuwa mpana kuliko sufuria yetu. Nililala kifudifudi nikanyoosha mkono hadi begani, na ncha za vidole zikagusa maji, ya baridi na mengi kama ya kujaza viganja viwili.

Nikamuuliza askari swali lililokuwa likinikera koo: je, mto huu tumeukausha sisi wa Mbarali? Akasema hapana. Mwagusi ni mto wa mchanga, kukauka ndiyo tabia yake, na tembo wamechimba hapa tangu zamani. "Swali hilo, dada, uniulize kesho tukiwa Ruaha Mkuu."

Gari la hifadhi lilitukokota kwa kamba giza likiwa limeingia. Mwenye gari kule Iringa hadi leo hajarudisha hata shilingi moja.

Kesho yake tulisimama kwenye ukingo wa Ruaha Mkuu, mto ambao jina lake katika Kihehe lina maana ya mto tu, kana kwamba hakuna mwingine. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulitiririka mwaka mzima. Ukakatika kiangazi cha 1993, na tangu hapo umekuwa ukikatika. Ndio unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu, yaliyojengwa kutoa megawati 80 na 204. Tulichokiona ni mawe makavu na madimbwi ya kijani, na katika dimbwi moja viboko wamebanana mgongo kwa mgongo, mamba wamelala katikati yao kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliingizwa hifadhini ili Ihefu ipone, na wafugaji waliondolewa, wengine ni watu niliowafahamu. Sikuuliza swali langu tena.

Siku mbili za basi kupitia Mbeya na Sumbawanga sina la kuzisemea isipokuwa viti vyake. Katavi, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974 na yenye kilomita za mraba 4,471, ilitupokea na ndorobo wanaouma kupitia suruali, na mdogo wangu aliyekuwa amevaa bluu aliumwa kuliko sote, kwani rangi hiyo huwavuta. Pale Sitalike, Mto Katuma ulikuwa na viboko wengi kiasi kwamba maji hayakuonekana. Wenyeji walitueleza kuhusu Katabi, mzimu wa Wabende unaosemekana kuishi katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambako watu hupeleka sadaka wakiomba. Nilitazama nyati, nikatazama twiga, na akili yangu ilikuwa nyumbani.

Kwa maana najua mfereji wetu. Mpunga ukishavunwa, mfereji haufungwi pale kwenye banio, maji yanapoingilia kutoka mtoni. Maji yanaendelea kuingia katika majaruba yenye mabua matupu, yanatuama, yanakaushwa na jua, miezi yote ile ambayo jike yule anachimba. Sikumlaumu mkulima yeyote, kwani mpunga huo ndio ulionisomesha, na wanakijiji huchota maji ya kunywa katika mfereji huo huo.

Niliporudi nilimsimulia mama habari ya ndama aliyepiga magoti. Akaacha kupepeta mchele. "Sasa banio likifungwa kabisa, mwanangu, sisi tutachota wapi?" Nikamwambia lisifungwe kabisa, lipunguzwe tu, yaje ya kunywa. Akafikiri, kisha akasema kwamba lango la banio halijashuka tangu mpini wake ulipoibwa na vyuma vikashika kutu, na kwamba Jumapili kuna kikao cha watumia maji, niende mwenyewe nikaseme. Nilikwenda. Mdogo wangu alipima lango kwa futi kamba, na fundi wa kuchomelea anataka shilingi 180,000. Kufikia jana tumechanga 112,000.